Niletee wa Mwisho Wenu

Habari ilifika kwenye benchi la Mama Alphonsine kabla ya kahawa kuchemka: Vahwere anahama. Si kuhama kwenda Marabo, ambako mtu akisahau mwavuli anarudi kuuchukua. Anavuka mpaka pale Kasindi, anakwenda kukaa Kasese, Uganda, na mke, watoto, mashine ya kukoboa kahawa na kuku wake wote.

Mimi ni fundi wa redio, wananiita Antenne. Kibanda changu kimegusana na benchi hilo, nyuma ya soko la Bunia, kwa hiyo kila uongo unaosemwa pale unapita kwangu kwanza. Mwaka ule wa themanini na saba redio zenyewe zilikuwa na habari ileile ya Rais asubuhi na jioni, nanyi mnaijua. Basi habari ya Vahwere tuliipokea kwa mikono miwili.

Wa kwanza kuirukia alikuwa Eugène, dereva wa lori, ambaye tunamwita Sans-Frein. Lori lake lina breki. Mdomo wake ndio hauna.

"Batu ya Bunia, musikie! Papa Sonde anatukimbia!"

"Sikimbie mutu," Vahwere akajibu, akivuta stuli. "Kahawa inapita kule, na miye nafuata kahawa."

Jina la Sonde alilipata kwa kile chuma chake chembamba chenye mfereji, anachochomea magunia. Vahwere hanunui kahawa kwa kuangalia mdomo wa gunia. Anachoma chini kabisa, anavuta punje za kitakoni, anazitafuna, ndipo anataja bei. Wakulima wa Irumu wanamwogopa kuliko mtoza kodi.

"Na Mbambu je?" Mama Alphonsine akauliza, birika mkononi. "Ule mutoto atasoma wapi?"

"Njo neno yenye inaninyima usingizi, mama. Shule kule iko mingi. Sijue nichague gani."

Hapo benchi likawaka moto. Mwulize mtu wa Bunia njia ya kwenda posta, atakuambia hajui. Mwulize shule ya mtoto wako, anajua kuliko waziri.

"Umuache hapa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Maître Gérard, mwalimu mstaafu. Jina lake ni Bic Rouge, kwa sababu anasahihisha kwa kalamu nyekundu hata tangazo la msiba. "Kule banasoma Anglais, Kingereza. Mutoto iko cinquième, darasa ya tano, batamurudisha ya pili, akae na bale bado banatoka makamasi! Umuweke ku internat, bweni ya masista, amalize certificat, njo akufuate."

"Mutoto si valise ya nguo ya kuacha ku dépôt," Sans-Frein akasema. "Papa Sonde, sikia miye. Utafute shule yenye iko na fanfare. Shule bila tarumbeta haiko shule. Siku ya défilé, siku ya gwaride, hata ukiwa mu baa, utasikia mutoto yako anapita."

"Fanfare inashibisha nani?" Mama Alphonsine akamkata. "Ufike pale saa ya chakula, papa. Fungua sufuria ya maharagi. Ukiona mawe kupita maharagi, shika mutoto mukono, murudi."

"Munapoteza wakati bure!"

Tuligeuka wote. Alikuwa Assani Vingt-Quatre, mnunuzi wa dhahabu ya Mongbwalu. Kila kitu cha Assani ni karati ishirini na nne: saa yake, viatu vyake, mke wake. Hata malaria iliyomlaza mwaka ule haikuwa malaria ya watu wa kawaida.

"Ramazani yangu iko wapi?" akauliza, akikunja mikono ya shati ili saa ionekane. "Iko Kasese, kwa mujomba yake. Anasoma ku shule ya kule chini, karibu na gari ya moshi. Trimestre ya kwanza, premier. Ya pili, premier. Bangereza benyewe banamuogopa."

"Kasese haiko na Bangereza," Bic Rouge akasema.

"Balikimbia juu yake!"

Premier, wa kwanza: neno hilo tulikuwa tumelisikia kwa Assani mpaka masikio yakaota sugu. Lakini Vahwere hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake mkononi.

"Batu yangu," akasema taratibu, "Mbambu haiko premier."

Bunia nzima, kila mtoto ni wa kwanza. Sijui nani hukaa nafasi ya pili.

"Siku ya proclamation, mwezi wa saba, mulikuwa pale?"

Nani asiyeijua siku hiyo? Wazazi wako kwenye viti, mkurugenzi ana karatasi, majina yanasomwa kwa sauti kubwa toka wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja na pourcentage yake. Wa kwanza anamwagiwa poda kichwani na kupigiwa makofi. Wa mwisho anachekwa mpaka barabarani, na wadogo zake wanachekwa pamoja naye.

"Balimusoma wa mwisho," Vahwere akaendelea. "Nikamutafuta, sikumuona. Mama yake, Bernadette, njo alimupata nyuma ya choo, amejifunika uso na kipoya, mufuko yake ya vitabu. Toka ile siku, akisikia batu banapiga makofi, hata ya ku kanisa, anashtuka. Basi miye sitafute shule ya kumufanya premier. Natafuta shule yenye, hata akiwa wa mwisho, atakula bugali yake na amani."

Nilisikia uchungu, nikajifanya ninakaza skrubu kwenye redio isiyo na skrubu. Mama Alphonsine akamwongezea Vahwere kahawa bila kuulizwa.

Assani peke yake hakusikia kitu. "Wa mwisho anafanya nini mu maneno ya shule? Shule unaipima na premier yake!"

"Assani, ndugu yangu," Vahwere akasema, akisimama, "miye sinunuaka kahawa ya juu ya gunia."

Akaenda kweli kuangalia shule, akamchukua na Mbambu. Njia ya Beni ilikuwa matope matupu, tukawasahau kidogo. Halafu asubuhi moja tukamwona anakuja, suruali imekauka udongo mpaka magotini, uso unang'aa. Kabla hajakaa, maswali yalikuwa yamemfikia.

"Ulichagua gani?"

"Polepole. Niliona mbili. Ya kwanza iko juu ya kilima. Batu yangu! Majani imekatwa, kengele ya shaba, makombe kabati mbili."

"Fanfare?" Sans-Frein akauliza.

"Fanfare iko. Balinipigia hata miye, mununuzi wa kahawa. Nikasimama muzuri kama gouverneur."

"Nilisema miye!"

"Na maharagi?" Mama Alphonsine akauliza.

"Safi, mama. Hata jiwe moja. Directeur akaniletea premier yake, mutoto amevaa tai, akaniimbia ma capitale, miji mikuu ya Afrika yote, bila kupumua. Nikapiga makofi. Halafu nikamuambia directeur na adabu: Bwana, huyu nimemuona. Sasa niletee wa mwisho wenu."

Benchi zima liliinama mbele. Mambo ya namna hiyo hayajawahi kufanyika popote.

"Akaniangalia kama nimeomba bibi yake. Akasema, hatuna wa mwisho. Mutoto akianza kushindwa, tunamurudisha kwa baba yake kabla ya mutihani. Hapa bote banapitaka."

"Cent pour cent, mia kwa mia!" Bic Rouge akajipiga pajani. "Shule njo ile! Ulimuandikisha?"

"Maître, gunia yenye haina chini, ni kusema imetoboka. Kahawa ingine imemwangika mu njia. Nikashika mutoto yangu mukono, tukashuka."

"Mukashuka wapi?" Assani akasogea, tayari kifua mbele.

"Ku ile ya chini, karibu na gari ya moshi."

"Ya Ramazani! Sema, sema! Premier yangu ulimuona?"

Vahwere akakohoa. Akaangalia ndani ya kikombe muda mrefu kuliko kahawa iliyokuwamo. "Niache kwanza nimalize ya wa mwisho. Pale directeur iko mama moja munene. Nilipomuomba anionyeshe dernier yake, alicheka mpaka akashika meza. Akanikokota mpaka mu classe. Akaniita kijana moja murefu, ndevu inaanza, katikati ya batoto bafupi. Balimurudisha chini juu ya Anglais. Iko anaikala nyuma kabisa, asifungie benzake ubao."

Assani akapasuka kicheko, akampiga Sans-Frein mgongoni. "Ndevu mu primaire! Anaenda na wembe ya kunyolea mu kipoya! Na baba yake iko wapi, ile maskini? Miye ningekuwa baba yake, ningehama mugini na usiku."

Tukacheka wote, na mimi nikiwamo. Vahwere hakucheka.

"Assani, kunywa kahawa, itapoa."

"Ipoe! Endelea. Ile muzee wa primaire alifanya nini?"

"Siku ile mwalimu alikuwa anarudisha mahesabu. Kijana alipata neuf sur vingt, tisa juu ya makumi mbili. Zamani alikuwa anapataka quatre, nne tu. Mwalimu hakusema ingine, akasema ile tu: mwenzenu alikuwa na quatre, leo iko na neuf. Batoto bote bakapiga makofi. Na kijana mwenyewe akasimama, akabainamia kama mwanamuziki, akacheka."

Vahwere akapumua.

"Makofi ilipoanza, Mbambu alinishika mukono na nguvu, kucha ikaniingia. Nikasema, sasa atakimbia. Lakini akaniachia. Na yeye akapiga makofi, bana. Mbambu yangu alipiga makofi. Nikamuandikisha palepale, hata sikuuliza chakula."

Mama Alphonsine akajipangusa macho na ncha ya kitenge, akasingizia moshi wa makaa. Ilikuwa saa ambayo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini karati ishirini na nne hazinyamazi.

"Makofi ya neuf!" Assani akasema. "Jina yake nani, ile shujaa? Utuambie, na siye tumuogope."

"Jina, jina!" Sans-Frein akaunga mkono.

Vahwere akaniangalia. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, nikainamisha kichwa ndani ya redio.

"Assani, twende pale pembeni kidogo."

"Pembeni ya nini? Benchi hii haina siri! Sema hapa, mbele ya batu!"

"Ramazani," Vahwere akasema.

Hata Sans-Frein alipata breki siku ile.

"Ramazani gani?" Assani akauliza baadaye. "Banaitwaka bengi."

"Ile ya kovu ya baiskeli ku paji ya uso. Mutoto yako, Assani. Alinikimbilia inje, akanikumbatia mbele ya benzake."

Assani akavua saa, akaipangusa kwa shati, ingawa haikuwa chafu. Nilikuwa nimengoja miaka kumcheka mtu huyu. Fursa imekuja, nikakuta kicheko hakipo.

"Alikupa neno?"

"Alinipa. Alisema: Papa Sonde, uambie papa aache kuniita premier. Vacances mbili sikurudi Bunia juu ya woga. Nikishuka tu ku camion, Maître ataniita ku benchi anipe mahesabu, na batu bote banaangalia. Papa aniweke ku nafasi yangu, na miye nirudi nyumbani. Mboga ya sombe ya mama inaniua na hamu."

Bic Rouge akakohoa, akaificha kalamu yake ndani ya mfuko. Na sisi likizo zote mbili tulikuwa tumeambiwa kwamba walimu wa Kasese wamemzuia kijana ili awafundishe wao.

"Amekonda?" Assani akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia.

"Amenona. Amekupita urefu."

"Na iko analia?"

"Anacheka saa yote, bana. Pale banamupenda."

Assani akakaa. Akanywa kahawa yake iliyopoa mpaka machicha. Halafu akavaa saa, akasimama, akamgeukia Sans-Frein.

"Lori yako inatoka siku gani?"

"Keshokutwa, mpaka Beni."

"Unibakishie nafasi ya mbele. Kwenda niko miye moja. Kurudi tutakuwa babili. Vacances iko karibu, nakwenda kuleta mutoto yangu. Na wewe, Maître, ukimuuliza hesabu hata moja, tutajuana."

"Nitamuuliza habari ya safari tu," Bic Rouge akasema haraka.

Assani akaondoka, mabega yameshuka, akapita wauza makayabo, samaki wa chumvi, bila kuwasalimu. Tukamhurumia. Lakini huruma ya benchi letu haidumu, na breki ya Sans-Frein ikakatika tena.

"Vingt-Quatre! Iko dernier sur combien? Wa mwisho ku batoto ngapi?"

Assani akasimama katikati ya njia. Akageuka. Nikaona kifua kinajaa taratibu, na mkono unakunja shati ili saa ionekane.

"Wa mwisho sur bote!" akapiga kelele, soko zima likasikia. "Na musikie muzuri, batu ya Bunia! Premier yenu halalake usiku, anaogopa kuanguka. Ya kwangu, mumusukume namna munataka, hana fasi ya kuangukia!"

Maître Bic Rouge akafungua mdomo amsahihishe, akatafuta kosa, akaufunga.