Wachukuzi Wako Wamemuuliza Mke Wangu

Geita, kwenye machimbo,
Novemba 1938

Kwa Tajiri Rehmat,
Mwenye Kampuni ya Kuhamisha Mizigo,
Shinyanga.

Tajiri wangu mwema,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta dukani kwako ukiwa na afya, maana nataka uisome ukiwa na nguvu. Mimi ni yule Majaliwa bin Bashiri, fundi cherehani, niliyekuja kwako kukodi lori na wachukuzi wa kunihamisha kutoka Shinyanga kuja huku Geita, mji unaokua kila kukicha, na ambao wachimbaji wake wanachana suruali kuliko watu wa mahali popote nilipopata kushona. Uliniambia kampuni yako ni ya kisasa. Uliniambia mteja hukaa kivulini akanywa chai, mizigo ikahama bila yeye kuinua mkono. Chai sikunywa, na kivuli nimekuja nacho Geita juu ya lori, kama nitakavyoeleza.

Kwanza ujue kwa nini ninakuandikia wewe na si Jilala, kiongozi wa wachukuzi wako. Mimi ni Mzaramo wa Bagamoyo. Jilala na wenzake ni Wasukuma. Makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hanuni. Akinitukana, nicheke, akichukua kofia yangu, nimshukuru. Hata nikifa ana haki ya kulala kaburini mwangu na kudai apewe chochote ndipo atoke. Kwa hiyo kwake sina pa kukasirikia. Wewe asili yako ni Bara Hindi, utani nawe sina, na hasira zangu zote zinaweza kukufikia bila kuvunja mila. Nimeziweka kwa namba zisipotee njiani.

1. Kuchelewa kuanza. Vijana walifika nyumbani asubuhi, nikawaonyesha cherehani, kitanda na meza ya kukatia nguo. Hakuna aliyegusa kitu. Walikaa uani wakatulia. Nikadhani wanangoja uji. Jilala akanieleza kwa adabu kwamba kwao mzigo haunyanyuliwi mpaka mama wa nyumba anyanyue figa la kwanza jikoni na kusema kama amekubali kuhama. Nikamjibu kuwa mwenye nyumba ni mimi, na aliyekodi lori ni mimi. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama mimi ndiye ninayepika.

Hapa inabidi nikufungulie mambo ya ndani. Mke wangu Mwasiti alikuwa hasemi nami. Sababu yake ni ndogo: habari za kuhama alizisikia dukani, kwa Bi Bhanumati, alipokwenda kununua chumvi, kabla sijapata nafasi ya kumwambia. Bi Bhanumati alimtakia safari njema. Mwasiti akarudi na chumvi yake, akapika, akaniwekea sahani, na toka hapo akafunga mdomo. Sasa nani asiyejua kwamba mwanamume hupanga safari kwanza, akatangaza baadaye? Lakini yeye alimwambia jirani, kwa sauti ya kunifikia mimi, kwamba atafuatana na mizigo mpaka Geita kwa kuogopa nitamvunjia vyungu, na lori likija huko safari ya pili atalipanda, ashuke stesheni ya Shinyanga, ashike treni kwenda kwa mama yake Tabora. Atarudi lini, hakusema.

Basi Jilala akaenda jikoni, akapiga goti, akasema, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama. Mwasiti ni Mnyamwezi. Lugha hizo ni ndugu, wakaelewana pale pale. Akamuuliza kama anakubali kuhama. Mke wangu akafikiri sana, lori linangoja, dereva anavuta sigara ya pili kwa gharama yangu. Mwisho akasema kufika anakubali, kukaa ataona huko huko. Akanyanyua figa. Hapo vijana wote wakasimama kwa pamoja, na mimi, mteja, nikaambiwa nipishe njia.

2. Paa. Nyumba yangu ya Shinyanga ilikuwa ya msonge, alinijengea mzee Bujiku. Nilikuwa nimeshamwachia Marselino, mfanyakazi wa reli, aingie siku ile ile nitakayotoka. Mimi huku nilitaka nyumba ya pembe nne na bati, kama inavyomfaa fundi. Jilala, badala ya kuniuliza mimi, alimuuliza Mwasiti ni nini kinabaki. Mwasiti akasema hakibaki kitu. Nikapiga kelele. Jilala akanituliza kwamba anafanya hivyo kwa kulinda heshima yangu, kwa maana kwao anayehama akaacha paa ni mwizi aliyekimbia au mchawi aliyefukuzwa, naye hataki watu wanisemee vibaya wakati kuna mengine mengi ya kunisema. Wakaimba, wakaingia chini ya paa, wakalinyanyua zima zima na kulipandisha juu ya lori. Kisha wakang'oa nguzo. Dereva wa lori jingine lililotoka Shinyanga ameniambia kuwa Marselino alifika jioni na kitanda chake kichwani, akakuta duara la mashimo na jogoo wangu tuliyemsahau. Salamu alizoniletea kutoka kwa Marselino haziandikiki.

3. Safari yenyewe. Ulinipa lori la mizigo, nikasafiri ndani ya nyumba inayokwenda. Kuanzia Kahama watu walikuwa wanatoka mashambani kuja kututazama. Ushirombo, karibu na misheni, mzee mmoja alivua kofia akatupigia hodi. Runzewe, dereva alipokuwa akitia maji kwenye mashine, mbuzi walikula ukingo wa paa mpaka ukawa na mapengo. Ni kweli kwamba mvua ilitunyeshea na sisi sote tulikaa wakavu chini ya majani yetu. Hilo silihesabu, kwa sababu sikuliagiza.

4. Matusi. Kila tuliposimama Jilala aliwatangazia watu kuwa mzigo mkubwa humu ni Mzaramo, kwamba mama huyu alimnunua pwani kwa bonge la chumvi, na sasa anampeleka Geita kumbadilisha, maana amenywea. Tusi lenyewe ni la mila, nalipokea. Linaloniuma ni kwamba Mwasiti alicheka. Mwanamke niliyembembeleza kwa halua na kwa kanga mpya, nikaongeza na kumwomba radhi kwa kosa nisilolikubali, hakunipa hata kikohozi. Mchukuzi wako akamchekesha bure. Tena akaongeza lake mwenyewe, akasema hata hiyo chumvi ilikuwa imelowa. Wanyamwezi nao ni watani wangu, Tajiri, kwa hiyo ndani ya lori nilikuwa nimezungukwa pande zote. Toka Runzewe waliongea kwa lugha yao mpaka tukafika. Sikuelewa kitu, ila jina langu nililisikia mara nyingi.

5. Kiwanja. Nilikuwa nimeshachagua mahali pazuri hapa Geita, kando ya barabara, wateja wanione wakitoka kazini. Vijana wako hawakutaka hata kupaangalia. Walimfuata Mwasiti na figa lake. Akapita kiwanja changu, akapanda kidogo, akasimama karibu na njia ya kisimani, akaliweka chini. Basi. Jua lilipotua nyumba ilikuwa imesimama, na mlango unatazama anakotaka yeye. Jilala anasema kwao nyumba haihami, anahama mama na mafiga yake, nyumba inamfuata nyuma. Sasa mwenye suruali iliyochanika anazunguka kichaka kuja kwangu. Ni kweli kwamba mvua iliyofuata iligeuza kiwanja changu cha barabarani kuwa mto, ukamchukulia mtu turubai lake na viatu. Hilo nalo silihesabu.

6. Hili ndilo kubwa, na ndilo ninalotaka ulipe. Toka aweke lile figa, Mwasiti anasema. Anaanza na jogoo wa kwanza wa majirani. Amenieleza yote aliyoyaweka moyoni toka siku ya chumvi, moja baada ya jingine, bila kuruka. Mimi nilikukabidhi mke aliyenyamaza, umenifikishia mke anayeongea. Ungepokea cherehani kimya, ukafikisha inayopiga kelele, kampuni ya kisasa ingelipa. Naomba nirudishiwe ule ukimya, au thamani yake.

Jambo moja tu halisemi: kama atapanda lori likija. Sanduku lake limefungwa kamba, liko mlangoni, kila nikitoka ninalikwepa. Sijamuuliza. Mteja aliyelipia safari haombi ruhusa kwa mizigo yake. Ila nakiri kuwa kazi imekuwa ngumu. Jana nimemshonea mchimbaji mmoja mfuko wa suruali nikaufunga juu, akaja kunionyesha kwamba mkono hauingii. Usiku sipati usingizi, na yeye namsikia anageuka upande wa pili. Moyo wangu umekaa vibaya, Tajiri, na gharama hiyo pia naiweka kwako.

Kwa hiyo nadai haya. Paa lirudishwe kwa Marselino, na jogoo wangu aje kwa lori hilo hilo. Wachukuzi wasiwe watani wa mteja; watafutwe watu wasio na utani na mtu yeyote, kama wapo katika nchi hii. Na ubavuni mwa lori, kwa ile rangi yako ya kijani, iandikwe amri kwa herufi kubwa: WAKE WA WATEJA HAWAULIZWI KITU. Mke katika safari huelekezwa. Akianza kuulizwa atajibu, na akijibu, nani tena ataongoza nyumba?

Nisalimie mama watoto wako na watoto wote. Msalimie Bi Bhanumati, ijapokuwa shari hii ilitoka mdomoni mwake. Wasalimie wapimaji wa karanga pale barazani kwako, na yule mkalimani wa boma anayenidai kanzu, mwambie inakuja. Marselino msalimie kwa mbali.

Ni mimi mteja wako, mwenye haki na mwenye uchungu,
Majaliwa bin Bashiri, Fundi Cherehani

Nyongeza. Lori limefika asubuhi hii kabla sijaibandika bahasha. Mwasiti alilibeba sanduku lake mwenyewe mpaka barabarani. Jilala, aliyekuja na lori pamoja na vijana wake, akanyoosha mikono alipokee, nikamshika, nikamwambia ngoja. Nikamuuliza Mwasiti, mbele ya dereva na watani wangu wote, kama anapenda tukae hapa au turudi. Nikaongeza kwamba akisema turudi, paa litapanda lori sasa hivi na mimi nikiwa juu yake. Wasukuma hawakucheka. Mwasiti akakaa juu ya sanduku akafikiri, hata dereva akazima mashine. Kisha akasema tunakaa. Akafungua zile kamba, tukaona sanduku ni tupu. Alisema lingeweza kwenda Tabora hivyo hivyo, mama yake alijaze vitu vyake aje kuishi nasi, au lingejazwa hapo hapo na nguo zake yeye aondoke. Alikuwa anangoja aone kama nitauliza.

Basi, Tajiri, namba zote sita zifute. Barua siiandiki upya, karatasi huku ni adimu. Isome kuanzia hapa. Paa lisiguswe. Marselino nitamjengea jingine. Sanduku ninakuletea kwa lori hili, na ninakodi tena kampuni yako, wachukuzi wale wale, Jilala akiwa mbele yao, waende Tabora wakamhamishe mama mkwe wangu, Bi Zuwena, na kila alicho nacho. Ila kabla hawajanyanyua hata kijiko, wamuulize.