Nasaba ya Bwana Makintaya

Jumamosi, 10 Oktoba 1970. Matrah.

Nimepata njia! Kampuni ya barabara inataka karani wa stoo. Anayechagua ni Mwingereza, na Mwingereza mwenyewe si Mwingereza. Nilimwita hivyo asubuhi akanikata jicho. Ni Mskoti, Bwana Makintaya. Akanieleza kwa Kiarabu chake cha kokoto kwamba "Mak" ni "bin", na kwamba kwao kila mtu ana ukoo, na ukoo una mkubwa wake na kitambaa chake. Ukutani ofisini kwake pana picha ya baba yake kavaa sketi ya mistari. Sikuelewa. Ila la maana nilielewa: huyu mtu ana kabila! Tangu nifike Oman kutoka Unguja, kila mlango naulizwa mimi wa kabila gani kabla sijaketi. Mtu wa aina hii hapatikani kwa cheti. Anapatikana kwa nasaba.

Nafasi moja tu. Binamu yangu Ishaq, ninayelala naye chumba kimoja kwa dada yangu Nasriya, naye kaomba. Ishaq ana cheti. Mimi nina akili.

Hamdiya, mke wangu, yuko Mombasa kwa shangazi yake na watoto, mwezi wa nane sasa. Kazi hii ina nyumba. Nikiipata, watakuja. Nikiikosa, hawaji. Nimewakumbuka mpaka naona haya kuandika.

Jumapili, 11 Oktoba.

Nimemtafuta Bakhit, dereva wa Bwana. Nikamuuliza Makintaya ni bin nani hasa. Akasema Bwana humwambia kila safari: maana yake mwana wa seremala. Lahaula! Nikadhani ananitania. Akaapa. Tena akasema babu wao wa mwanzo alikuwa baharini, chombo kikatoboka, akatia kidole gumba kwenye tundu. Kisha akakikata, kikabaki pale kuziba, yeye akaenda kufanya kazi nyingine! Nimeuliza mara tatu kwa nini hakuziba kwa kitambaa. Si wana vitambaa ukoo mzima? Bakhit hajui.

Maskini Bwana. Kumbe ndiyo maana anazunguka nchi za watu. Nani kwao atamwoza binti yake mjukuu wa fundi, tena fundi asiye na gumba? Nitamsitiri mimi.

Jumanne, 13 Oktoba.

Nimekwenda kwa Bi Mahfoudha, bibi anayejua nasaba za Matrah nzima na nusu ya Unguja. Nikamwomba ya Makintaya. Akafumba macho. Akauliza mama yake binti nani, wajomba zake wa bonde gani, wanazika wapi. Nikamwambia najua tu kwamba kwao wanafuga kondoo. Akasema hawajui watu hao, ila kama wanafuga kondoo huenda wakawa wa milimani, upande wa Jabal. Nikatoka nimevurugika kuliko nilivyoingia.

Basi nimeitunga mwenyewe. Mababa kumi na wanne, masheikh watupu, wawili wao majemadari. Seremala hayumo. Wala gumba. Nasriya akasoma begani kwangu, akaniuliza: kama Nabii Zakaria alikuwa seremala, weye wamwonea haya nani? Akanishauri niandike ombi la kazi kama wenzangu. Nikamwambia haya ni mambo ya wanaume.

Alkhamisi, 15 Oktoba.

Jana Bwana Makintaya alikuja nyumbani kunywa kahawa, mwaliko nilimpelekea kwa mkono wa Bakhit. Halwa ya zafarani, tende, na shemeji yangu Suud, mume wa Nasriya, kavaa kilemba kipya. Nikasimama nikaisoma nasaba yote, Ishaq akitafsiri. Nilipofika kwa baba wa tisa Bwana akawa mwekundu. Nikajua imemgusa. Nikaongeza sauti.

Nilipomaliza akauliza seremala yuko wapi. Nikamtoa hofu: nimeshamwondoa, na Matrah hii hakuna atakayejua. Akaweka kikombe chini. Kisha akasema seremala yule ndiye wanayemtaja wa kwanza kila harusi, na kwamba yeye alijua habari za gumba kabla hajajua kuhesabu. Akataka kujua: ikiwa nafuta babu wa mtu mbele ya macho yake, huko stoo nitafuta mangapi? Ishaq alilitafsiri hilo kwa raha zote.

Halafu Ishaq, bila kuulizwa, akasema babu yetu sisi, Mzee Amur, alikuwa akichonga vitanda Mkunazini kule Unguja. Mbele za watu! Mimi kila mlango nimesema alikuwa mwenye mashamba. Nilitamani ardhi inimeze. Bwana akainuka akampa Ishaq mkono. Wakakaa saa nzima wakizungumzia miguu ya vitanda. Halwa wakaimaliza. Kwa nini mtu afurahie jambo kama lile? Nimelala nalo, nimeamka nalo, sijalielewa.

Jumamosi, 17 Oktoba.

Kazi kapata Ishaq. Na nyumba. Hana hata mke!

Imefika barua ya Hamdiya. Anauliza afunge mizigo au asifunge. Anasema Hind, mtoto wetu mdogo, ameanza kutembea. Nimelia nyuma ya mlango. Nimemjibu bado siku chache.

Jioni Ishaq kaja kuniambia nyumba ni ya vyumba vitatu, yeye chumba kimoja kinamtosha, nimwite Hamdiya na watoto tukae pamoja mpaka nami nipate kazi. Alisema kwa moyo safi, hilo sikatai. Nimemkatalia. Nitawaleta wanangu wakaishi kwa mjukuu wa seremala? Watu watasemaje!

Isitoshe, riziki haina mlango mmoja. Bakhit kaniambia wiki ijayo anakuja Mskoti mwingine, Bwana Kameroni, naye atataka karani. Jina lake eti maana yake pua iliyopinda. Masikini ya Mungu! Nimeshakata karatasi. Nimefika baba wa sita, na wote nimewanyoosha pua.