Ombi la Kumwengua Mke Wangu

Ndugu Msimamizi wa Uchaguzi wa Kata,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Najua wiki hii meza yako imelemewa na fomu za wagombea, na kila anayeingia ofisini kwako anatabasamu hata kama jino linamuuma. Mimi ni fundi cherehani wa kibanda cha tatu kutoka lango la soko, yule aliyekutilia zipu mpya kwenye suruali ya kijivu. Suruali hiyo iko tayari tangu juzi, nimeipiga pasi na kuitundika mahali pasipo vumbi. Naomba uamini kwamba haina uhusiano wowote na barua hii.

Naandika kwa heshima zote kuomba jina la mke wangu lisiingie katika orodha ya wagombea udiwani. Kama ujuavyo, fomu mwisho wake ni leo saa kumi jioni. Sasa ni saa tatu asubuhi na yake hajairudisha, kwa sababu tangu Jumapili haionekani nyumbani. Ameitafuta chini ya godoro, nyuma ya kabati, hata ndani ya sufuria kubwa ya shughuli. Asubuhi hii ametoka kuja kwako kuuliza kama anaweza kupewa nyingine. Nasikia kanuni inasema mgombea hupewa fomu moja tu, nami naipongeza sana kanuni hiyo.

Ningeweza kukaa kimya na kuuacha muda ufanye kazi yake. Lakini mimi ni mtu wa haki, sipendi mtu aondolewe bila sababu. Sababu zangu ni hizi.

1. Hana vipimo vya udiwani. Ndugu Msimamizi, wewe unawajua wagombea kwa fomu, mimi nawajua kwa futi ya kupimia. Ninalo daftari la vipimo vya wateja wangu wote. Mheshimiwa diwani wetu wa sasa alipochaguliwa mara ya kwanza kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na mbili. Kipindi cha pili, thelathini na tisa. Kipindi hiki cha tatu nimelazimika kuzunguka meza ili futi ikutane, na imesoma arobaini na sita. Hayo ndiyo maendeleo yanayopimika. Mtaro wa nyuma ya soko nao niliwahi kuupima kwa futi hiyo hiyo, na kwa vipindi vyote vitatu haukuongezeka hata inchi moja. Mgombea wa pili, mwenye duka la saruji, ameagiza koti lenye mifuko minne ya ndani. Nilipomuuliza ya nini, alisema ni ya kutunzia kero za wananchi. Sasa mtazame mke wangu. Vipimo vyake ni vile vile tangu nimwoe, na kwa kampeni nzima ameniomba kitu kimoja: nimshonee mfuko kwenye gauni lake la zamani, wa kuwekea kalamu. Mtu wa mfuko mmoja ataingiaje barazani bila kuwatia wenzake aibu?

2. Anaharibu ahadi za wenzake. Mheshimiwa ni mtu wa mipango ya muda mrefu. Kipindi cha kwanza alituahidi taa ya mtaani, tukapata nguzo. Kipindi cha pili alituahidi taa ile ile, tukapata waya. Sasa anaahidi balbu, na ni utovu wa adabu kumkatiza mtu aliyebakiza balbu. Mke wangu hana subira hiyo. Mvua zilizopita mtaro ulipofurika, maji yakaingia kibandani kwangu na kulowesha gauni la bibi harusi wa watu. Badala ya kusubiri uchaguzi kama raia mwema, alichukua jembe, akagonga mlango mmoja mmoja, na kufikia adhuhuri mtaro ulikuwa wazi. Hebu fikiria hasara hiyo. Mtaro ule ulikuwa umetosha kwa ahadi za uchaguzi huu, na ujao, na pengine wa wajukuu zetu.

3. Alitumia vibaya benchi la ofisi ya kata. Vyoo vya soko vilijengwa vikakamilika, vikafungwa kwa kufuli miaka miwili vikimngoja mgeni rasmi wa kuvizindua. Wanawake wa sokoni walikuwa wakienda kuomba choo kwenye nyumba za watu, na wengine walikuwa hawanywi maji mchana kutwa. Mke wangu akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya kata. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Alikaa tu, akifuma kitambaa, kuanzia wanapofungua hadi wanapofunga. Siku ya tatu karani alichoka kutazamwa, akampa ufunguo. Vyoo vikafunguliwa hivi hivi, bila hotuba, bila makofi, watu wakaingia kama wanaingia kwao. Mimi ndiye niliyeshona utepe wa uzinduzi, wa hariri nyekundu wenye pindo la dhahabu, na mpaka leo umekunjwa kwenye droo yangu bila kuonja mkasi. Aibu hiyo nimeibeba peke yangu.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilihusu chakula kuchelewa. Mama yangu mzazi, ambaye amekaa nyuma yangu akijifanya anatafuta sindano, amelisoma na kusema chakula hakijawahi kuchelewa, ni mimi ninayechelewa kurudi. Nimeona yaishe.

5. Nyumba yangu imegeuka ofisi. Mwenye kesi ya ukuta yuko sebuleni, mwenye barua asiyejua kuisoma yuko barazani, na aliyekuja kuazima chumvi naye anakumbuka kwamba ana kero. Wote wanasikilizwa. Mama yangu huyo huyo, ambaye kwa haki ya kunizaa alipaswa kuwa upande wangu, amejipa ukatibu. Anapanga watu foleni. Juzi nilitaka kumwambia mke wangu kwamba shati langu limetoka kifungo, Mama akaniambia nikae nyuma ya mwenye kesi ya ukuta. Nikakaa. Nilipofika mbele niliona haya kutaja kifungo, kwa kuwa mimi ni fundi, nikauliza habari za ukuta.

6. Amenidharau katika suala la wadhamini. Kanuni inamtaka kila mgombea adhaminiwe na wapiga kura kumi. Nilipoichungulia fomu yake wiki iliyopita zilikuwemo sahihi tisa. Wa kwanza ni Mama, ambaye anasema amewaona madiwani wa kila aina na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za magoti yake. Yupo mwalimu mstaafu. Yupo muuza mkaa. Yupo hata kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye mimi na yeye hatusalimiani tangu mambo ya kivuli cha bati lake. Mimi mumewe, ninayelala naye chumba kimoja, sikuombwa! Ndugu Msimamizi, nilikuwa nimejiandaa vizuri sana kukataa. Nilikuwa na maneno yangu, yenye busara, hata kikohozi cha kuanzia nilikuwa nacho. Nimekaa siku nane nikingoja kuombwa, na nimenyimwa hata nafasi ya kukataa.

7. Hili ni la Jumamosi. Mheshimiwa alifanya mkutano kwenye uwanja wa shule, nami nilikuwepo kwa sababu za kikazi. Yeye ndiye aliyenipa kazi ya kushona mashati ya kampeni yake, na nilikwenda kumjaribisha shati la mfano. Alipopanda jukwaani alisema kuna mwanamke anayetaka kuizibua halmashauri kama anavyozibua mtaro. Akasema mwanamke huyo arudi kwanza nyumbani, akaamue na mumewe nani anavaa suruali na nani anazishona. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jukwaa, nimeshika shati lake na pini mdomoni, na watu walikuwa wananitazama. Nami nikacheka. Sikucheka kidogo, Ndugu Msimamizi. Pini zilianguka.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya umati pamoja na Mama. Aliniona. Aliporudi nyumbani aliniandalia chakula kama siku zote, akaniuliza kama shati lilimkaa vizuri Mheshimiwa. Nikasema lilimkaa, linabana kidogo kwapani. Akasema haya. Kisha akaketi mezani na fomu yake, penseli na raba, akaipitia mstari kwa mstari hadi wakati wa kulala, wala hakuinua uso. Lalamiko langu ni kwamba hakunifokea. Mtu asiyeweza kumfokea mume aliyemkosea hivyo, ataweza vipi kuisimamia halmashauri?

8. Naogopa. Sikutaka kuliandika hili lakini namba zimefika zenyewe. Akishindwa, watamcheka tena, na kicheko kile mimi nakijua kwa ndani, najua kinavyomwingia mtu mwenye akili timamu na kumtoa utu wake. Akishinda, atazoea kukaa na watu wanaomsikiliza, na siku moja atarudi nyumbani, atanitazama vizuri, na kujiuliza alinioa kwa hesabu gani. Najua mwanamke huolewa, mwanamume ndiye huoa. Lakini ukiishi na huyu wangu utaelewa kwa nini nimeliandika hivyo.

Kwa sababu hizo, na kwa ajili ya amani ya kata na ya chumba changu, naomba mlango wako ufungwe saa kumi kamili, bila huruma na bila kuangalia nani yuko kwenye ngazi. Tuachie wagombea ambao vipimo vyao tunavijua. Huyu wangu nirudishie, niendelee naye kama zamani.

Nisalimie karani wa mapokezi. Nisalimie mlinzi wa getini, umwambie mkono wa koti lake umefupishwa kama alivyotaka, na asipoupenda asinilaumu. Msalimie mkeo, ambaye nasikia hagombei chochote, Mungu akuzidishie. Watoto wasalimie kwa umri. Wagombea wote waliowahi kurudisha fomu wape hongera zangu.

Wako mtiifu,
Fundi wa kibanda cha tatu
(mume wa asiye na fomu)

Nyongeza, saa nane na nusu mchana:

Fomu imeonekana. Ilikuwa mezani kwangu, na kusema kweli haikupotea hata dakika moja. Jumapili nilikuwa nyumbani nakata kola za mashati ya Mheshimiwa, nikaishiwa na karatasi ngumu ya kuchorea. Nikavuta iliyokuwa karibu. Mkasi ulikuwa umefika katikati nilipoliona jina la mke wangu, nami sikuusimamisha. Nilitoa kola mbili nzuri sana, na mabaki nikayatia kwenye mfuko wa vitambaa.

Leo nilipokwisha kuitia sahihi barua hii nilizichukua kola zile nimalizie kazi ya mteja wangu. Moja ilikuwa na kipande cha chini cha orodha ya wadhamini. Mstari wa kumi haukuwa mtupu kama nilivyodhani nilipochungulia. Umeandikwa kwa penseli, hafifu, kwa mwandiko wake: “Hapa ni pa Baba Watoto, msitie sahihi.” Ndugu Msimamizi, Jumamosi fomu hiyo ilikuwa mikononi mwake tangu jioni hadi wakati wa kulala, na raba alikuwa nayo. Hakuufuta.

Kwa hiyo nimeishona. Vipande ni vinne, mshono wa karibu karibu, uzi mweupe namba arobaini. Sindano imepita juu ya herufi moja ya jina lake lakini linasomeka vizuri, Mama amelisoma bila miwani. Nimemwomba Mama anisomee kanuni zako pia, na hakuna mahali zinaposema fomu isishonwe. Mstari wa kumi nimeutia sahihi kwa wino. Kile kikohozi cha kuanzia nilichokiandaa nimekitumia kulia kidogo.

Najua yuko hapo kwenye benchi lako, na najua anafuma. Usimfukuze, maana hata ukimfukuza hatoki. Nimefunga kibanda na nakuja mbio. Mashati ya Mheshimiwa yatasubiri. Kama saa yako ya ukutani inakwenda mbele, irudishe nyuma, na suruali ya kijivu naileta.

Barua hii ndiyo niliyofungia fomu, karatasi nyingine nzima sina. Malalamiko yasome siku ukikosa la kufanya. Kifurushi nimekifunga kwa ule utepe mwekundu wa vyoo. Tafadhali usiufungue wewe. Mpe yeye mkasi, aukate mwenyewe.