Ombi la Bastola Moja ya Kambini

Cyrus Gathuku,
Mkuu wa Usalama (bado),
International City, Dubai.

Kwa Bi Ghania,
Mwenyekiti, Kikundi cha Matembezi na Kambi,
Al Muraqqabat.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA BASTOLA MOJA YA KUBEBA KAMBINI NA MLIMANI

Shikamoo Bi Ghania. Ni matumaini yangu kwamba goti ulilolitegua ukishuka mlima limeanza kukusamehe, na kwamba chai yako ya tangawizi bado inachemka kila alasiri. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayochechemea, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nimesikia kwamba Jumamosi ijayo, tukirudi kambini kwenye milima ya Hatta, wanachama watapiga kura kuamua kama niendelee kuwa Mkuu wa Usalama wa kikundi chetu au cheo hicho apewe Monicah. Kabla mikono haijainuliwa, naomba nisikilizwe. Kazi haikunishinda. Nilikosa silaha. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama tunavyoandika ripoti za tukio kule kwenye jengo ninalolinda Jumeirah Lake Towers, ili asitokee mtu wa kusema nimeandika kwa hasira.

1. Kuhusu vifaa. Nilipoteuliwa mwaka jana nilikabidhiwa filimbi moja, tochi moja na kizibao cha manjano chenye tangazo la vigae vya bafuni mgongoni. Betri za tochi zilichukuliwa siku hiyohiyo na Nick, eti redio imezimika katikati ya wimbo mzuri. Filimbi imepulizwa na kila mwanachama na watoto wawili wenye mafua, na siwezi tena kuitia mdomoni. Kwa hiyo siku ya tukio nilikuwa nalinda watu kumi na wawili, magari matatu na hema la chakula kwa kizibao peke yake. Na huyo ni mlinzi aliyetoka zamu ya usiku akapanda gari lako moja kwa moja bila hata kuonana na kitanda chake. Ninyi mlilala njia nzima mpaka Hatta. Mimi nilikuwa nawaonyesha njia.

2. Kuhusu tukio. Siku ya Jumamosi, bondeni, saa saba kasorobo mchana. Wanachama wote walikuwa wameenda kwenye vidimbwi kuchovya miguu, isipokuwa Resty, dada yetu wa Kampala, aliyebaki kando ya gari akijirekodi video za kuuza mafuta ya nywele. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa hema la chakula tangu saa tano, macho wazi, sijaketi hata dakika moja. Mtuhumiwa ni beberu mweusi, mkubwa, ndevu ndefu zilizochanwa vizuri, kengele shingoni. Alionekana akiwa tayari ndani ya hema.

Hasara ni hii: chapati kumi na saba, kachumbari yote, pamoja na pilipili, mkate wako wa kumimina, Bi Ghania, pamoja na kitambaa ulichoufunikia, na karatasi ya majina ya wanachama, kwa hiyo mpaka sasa hatujui kwa uhakika ni nani mwanachama na nani alikuja kula tu.

Nilitoa onyo la kwanza kwa Kiswahili. Beberu alinitazama akaendelea kutafuna. La pili nililitoa kwa Kiingereza cha kazini, nikamwita sir. La tatu kwa Kiarabu: "Khalas! Yalla, yalla!" Alihama kutoka kwenye chapati akaenda kwenye mkate. Ndipo Monicah alipofika kutoka vidimbwini akiwa amelowa mpaka magotini, akavua kandambili moja, akasema, "Wewe! Unataka nikuje hapo?" Beberu akatoka. Kandambili haikurushwa hata, ilionyeshwa tu.

Mlicheka, Bi Ghania. Nick alisema, "Boss, hiyo mbuzi imekuona we ni wa kufungua gate tu." Nawe, ambaye nakuheshimu kama mama, ulijifuta machozi kwa ncha ya mtandio ukaniuliza, "Hebu niambie mwanangu, ulikuwa ukitulinda sie ama ukimlinda mbuzi?" Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Barua hii ndiyo jibu.

3. Kuhusu zipu. Hapa naomba uvae miwani. Saa tano nililifunga hema zipu mpaka chini kwa mkono wangu mwenyewe. Baada ya tukio nililikagua. Zipu ilikuwa imefunguliwa mpaka juu, taratibu, bila kukwama, na pazia la mlango limekunjwa na kufungwa kando kwa kamba yake, nadhifu, kama mlango wa hoteli. Sasa nakuuliza: mbuzi ana kidole gumba? Hana. Nimewachunga mbuzi wa baba yangu kule Ol Kalou miaka tisa na sijaona hata mmoja akifunga fundo. Kwa hiyo beberu alifunguliwa. Kuna mtu. Na akiwapo mtu mmoja, kuna genge, maana hakuna mtu mwenye akili timamu anayeiba chapati kupitia kwa mbuzi bila kushauriana na wenzake. Beberu ni tarishi tu. Kichwa cha mpango huu bado kinatembea huru, na huenda kinakula nasi.

Ndiyo maana silaha ninayoiomba haikupimwa kwa ukubwa wa mbuzi. Imepimwa kwa ukubwa wa genge.

4. Kuhusu uchaguzi wa bastola. Nisionekane mtu wa kukurupuka. Nimelifanyia jambo hili utafiti wiki tatu, ndani ya basi la kutoka International City mpaka stesheni ya metro, nikitazama video za mzee mmoja wa Marekani mwenye kofia pana anayewashauri watu wa kupiga kambi. Mzee huyo anasema bastola ya kutembea nayo porini huchaguliwa kwa kumfikiria mnyama mkubwa kuliko wote unayeweza kukutana naye. Yeye anamfikiria dubu. Mimi niliwafikiria wa kwetu. Dubu hayupo. Chui, wenyeji wanasema babu zao ndio waliomjua. Mbweha tulimwona mmoja, naye alikimbia aliposikia Nick akiimba. Ngamia yupo, ila ngamia ana mwenyewe, na mwenyewe ana mawakili. Amebaki beberu na genge lake.

(a) Bastola ya gurudumu, ile ya risasi sita zinazozunguka. Sifa yake ni kwamba haijali mchanga. Unaweza kuanguka nayo bondeni, ukaipangusa kwa shati, ikafanya kazi. Ubaya wake ni uzito: inapita kilo, yaani sawa na chupa ya lita moja ya maji. Mtu anayeacha maji ili abebe chuma katika milima ile atabebwa na wenzake kurudi, na wewe goti hilo si la kunibeba.

(b) Bastola ya magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini. Ni nyepesi, inachukua risasi kumi na tano, lakini mchanga ukiingia inagoma. Lazima uifungue uisafishe, na ndani kuna springi moja ambayo, kwa mujibu wa mzee wa kofia, huruka. Nawajua wanachama wetu. Tutaitafuta hiyo springi kwa magoti mpaka jua lizame, kisha Nick aipate ndani ya kachumbari.

(c) Bastola ndogo ya mfukoni. Inafichika kwenye kiganja. Nilimwonyesha mwanachama mwenzetu Joha picha yake akauliza kama inawasha na jiko la gesi. Sitaki silaha ambayo nitaombwa niikolezee mkaa.

Nimechagua (a), yenye mtutu mfupi na mpini wa mti. Kiunoni haikai, kwa sababu mkanda wa begi unapita papo hapo, na mtu akijaribu kuichomoa atachomoa chupa ya chai. Itakaa kifuani, ndani ya ala ya ngozi, chini ya kizibao. Tangazo la vigae liko mgongoni, halitadhurika.

5. Kuhusu sheria. Najua utasema nini, maana ulishasema: "Huku si kwenu, na kwenu pia hawakupi." Umezaliwa Dubai, unaijua kuliko mimi. Najua mfanyakazi mwenye kibali cha kulinda mlango akionekana mlimani na bastola, kambi yake inayofuata itakuwa kituo cha polisi, na kutoka hapo uwanja wa ndege. Mimi si mtu mgumu. Natoa nafasi ya kusikilizana:

Ikishindikana bastola yenye risasi, nipeni bastola isiyo na risasi. Ikishindikana hiyo, nipeni ala peke yake, tupu, nitaijaza leso. Na ikishindikana hata ala, naomba kikundi kipitishe azimio kwamba Mkuu wa Usalama, na yeye peke yake, ana haki ya kuweka mkono kifuani chini ya kizibao na kutazama mbali bila kusema neno. Hili la mwisho naamini halihitaji kibali cha mtu yeyote.

Lakini haki iwe kwa wote. Nikinyimwa bastola, basi kandambili ya Monicah nayo isajiliwe, ipewe namba, na ihifadhiwe kwa mwenyekiti wakati wa chakula. Pia, mpaka genge lipatikane, kila mwanachama asaini kitabu cha wageni akiingia na kutoka hemani, hata hema lake mwenyewe, aandike saa na sababu ya kuingia. "Kulala" itakubaliwa. Na vidole gumba vikaguliwe, kwa sababu fundo la ile kamba lilikuwa la mtu anayejua kazi. Nawe pia, Bi Ghania, kwa heshima zote, utaonyesha vyako.

6. Kuhusu moyo. Hili sikutaka kuliandika, lakini nimeshaanza.

Kwenye lile jengo nasimama kwa muda wa saa kumi na mbili kila zamu. Nafungua mlango, nasema good morning sir, good evening madam. Miaka minne. Watu wanapita na simu sikioni, na mbwa wao ananitambua kuliko wao. Silalamiki, kazi ni kazi na inasomesha wadogo zangu. Ila siku ile mliyonivalisha kizibao mkaniita Mkuu, niliona raha ambayo sikuitegemea. Nilipiga picha nikamtumia mama. Ameitundika sebuleni, na ameshawaambia akina mama wote wa kanisani kwamba mwanawe ni mkuu wa usalama Uarabuni, ana watu chini yake. Watu wenyewe ni Nick, lakini hilo hakuulizwa.

Sasa nikipigiwa kura nikashindwa na kandambili, nani atamwambia mama? Naumia, Bi Ghania. Nasema wazi bila kuzunguka: nataka kubaki na kizibao changu, na nilidhani bastola ndiyo itakayokibakisha.

Nafunga hapa ili nawe uende ukakande hilo goti. Nisalimie wote nyumbani kwako Muraqqabat, mkubwa na mdogo, na jirani yako wa ghorofa ya pili anayetuazima majiko. Msalimie Resty na mafuta yake. Msalimie Joha, mwambie ile si ya kuwashia gesi. Nick msalimie kidogo. Monicah msalimie kwa heshima yake yote, ukiwa umbali salama.

Ni mimi wako mtiifu, niliyesimama,

Cyrus Gathuku,
Mkuu wa Usalama.

Nyongeza, nyuma ya bahasha:

Bi Ghania, nilikwisha kuilamba gundi bahasha hii, na gundi yake haina mchezo, ndiyo maana naandika huku nje ambako kila mtu atasoma. Sasa hivi Resty ametutumia ile video yake ya mafuta ya nywele. Mbele ni nywele, na zinang'aa kweli. Nyuma ya bega lake la kushoto nipo mimi mlangoni pa hema, nimesimama wima, macho wazi, nimelala fofofo. Walinzi wa zamu ya usiku wote tunalijua hilo, ni ujuzi wa kazi.

Beberu anakuja. Hatazami kushoto wala kulia. Kidevu juu, ndevu safi, kengele inalia mithili ya funguo za gari kubwa. Kazini tulifundishwa siku ya kwanza: anayekuja kwa mwendo huo ni mwenye nyumba, usimuulize anakwenda wapi. Basi najiona nikiinama. Nafungua zipu mpaka juu, taratibu. Nakunja pazia, nalifunga kando kwa kamba. Naweka mkono kifuani, na sauti inasikika vizuri kabisa: "Good afternoon, sir. Welcome back."

Uchunguzi umekamilika. Genge ni mimi.

Ombi nimeliondoa. Hata ningekuwa na bastola, ningeiweka chini kwanza ili nipate mkono wa kufungulia zipu. Mpeni Monicah cheo, anakistahili. Kizibao nitakifua nikilete Jumamosi, na mama nitampigia mwenyewe.

Nina ombi dogo badala yake. Video hiyo nimeirudia mara nyingi. Nilipomkaribisha, yule beberu hakuingia papo hapo. Alisimama, akanigeukia, akainamisha kichwa, ndipo akapita. Miaka minne nafungua milango, na ndiye wa kwanza kuniitikia. Jumamosi mkimwona, mpeni chapati moja. Mwambieni imetoka kwa Cyrus.