Mabuti ya Farasi kwa Kina Mama wa Maombi

Katika soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, robota la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa. Ukishakata kamba, kilichomo ni chako, ulie ucheke. Rigobert alikata kamba Jumatatu asubuhi akitarajia raba. Akakuta mabuti ya farasi, mia na kidogo.

Tuseme haki, yalikuwa mabuti mazuri ya kukinga miguu: ngozi ngumu mbele, sponji ndani, mikanda ya kunata, na lebo ya farasi anayeruka. Mengine yalikuwa ya mpira, ya kuvishwa kwato. Tatizo ni kwamba Rigobert alilipata robota hilo kwa kumwachia muuzaji pikipiki kama rehani, na pikipiki ile ilikuwa nusu yake, nusu ya mkewe. Mke huyo, Dorcelle, alikuwa Sakania, mpakani, kununua bidhaa, angerudi Ijumaa. Rigobert alimpenda kweli, na alimwogopa kweli vilevile.

Farasi Lubumbashi? Yeye aliwaona kwenye kalenda tu. Lakini mtu aliyewahi kumuuzia kinyozi dawa ya kuzuia nywele zisiote hakati tamaa upesi. Mchana huohuo alipita mbele ya kanisa, akawaona kina mama wa maombi wakitoka huku wakijikanda magoti. Akasimama. Akatabasamu. Akarudi nyumbani mbio kubandua lebo.

Kesho yake aliingia kanisani na tai shingoni na Biblia ya kuazima. Rais wa kina mama, Maman Léonie, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye malori mawili na sauti ya lori la tatu, aliligeuza buti mikononi.

“Ni nini hii, frère?” akamuuliza ndugu huyo mpya katika Bwana.

“Genouillère ya maombi, Maman, ya kukinga magoti. Inatoka Allemagne, kwa Wajerumani. Kule bantu banasalaka saa sita bila kuumwa magoti.”

“Na hii ya mpira?”

“Ya kiwiko. Kwa bale banaangukaka mu maombi.”

Kina mama wakavaa, wakapiga magoti. “Eh, iko muzuri!” akasema Maman Albertine, akidundadunda. Rigobert akataja bei: ya kukomboa pikipiki, na ya bia kidogo juu yake.

“Nakamata yote,” akasema Maman Léonie. “Lakini kwanza tulombe. Biashara bila maombi haina baraka.”

Wakapiga magoti wote, Rigobert kwenye saruji tupu. Kwa kuwa siku ile alikuwa ameokoka, aliitikia kuliko wote.

“Seigneur, linda bantu ba Mitwaba!”

“Amen!”

“Fungula njia ya bale banasafiri!”

“Amen!”

“Na frère Rigobert atuachie yote kwa nusu ya bei!”

“AMEN!”

Rigobert akafumbua jicho moja. Kina mama kumi walikuwa wakimtazama kwa furaha isiyo na kifani.

“Maman, ile Amen ilitoka yenyewe tu...”

“Hiyo njo Roho, frère. Haiombaka muntu ruhusa.”

Angebisha vipi, na tai shingoni? Akapokea nusu. Haikutosha kukomboa pikipiki, lakini alitoka akichekelea: amewavisha watumishi wa Mungu viatu vya wanyama! Alicheka mpaka alipoona lori la Maman Léonie, limepakia mabuti yote, likikata kona kuelekea Golf, mtaa wa matajiri. Kule Golf nani anasali kwa magoti? Akalifuata kwa teksi.

Nyuma ya majumba ya kifahari palikuwa na zizi, na zizini farasi wanane, wazima kabisa, si wa kalenda. Meneja alikuwa amekumbatia mabuti manne kifuani kama mtu aliyempata ndugu yake. Tangu mvua zianze, farasi wake walikuwa wakijigonga miguu kwenye mawe. Kwa jozi mbili tu alikuwa amemlipa Maman Léonie zaidi ya alichopata Rigobert kwa robota zima.

“Maman! Ulijua!”

“Frère, miye naletea hii farasi chakula miaka tano. Nikose kujua miguu yabo?” Akamtazama, akamhurumia kidogo, kidogo sana. “Banatafuta muntu wa kubavalisha. Banalipa kila siku. Uko na mikono ya haraka.”

Rigobert akapiga hesabu, akavua tai.

Ijumaa alikuwa chini ya farasi wa tano, anafunga mkanda wa mguu wa nne, wakati viatu viwili vilivyojaa vumbi viliposimama mbele ya pua yake. Alivijua. Dorcelle alikuwa ametoka stesheni kwa miguu, furushi kichwani, na njiani alikuwa amekutana na Maman Albertine, mwanamke asiyejua kuficha neno.

“Rigobert. Moto yetu iko wapi? Pikipiki yetu?”

Mjanja wa mji mzima alitafuta uongo mmoja, hata mdogo, hata wa kuazima. Hakuupata. Heri yake moja tu, magoti alikuwa ameshapiga.