Utoto Mwema wa Mheshimiwa

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia mwaka huu wa serikali, watu mashuhuri wote walikuwa na utoto mwema. Ambao hawakuwa nao wamepewa muda wa kuupata.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo kwenye mlango wa Kitengo cha Utoto wa Watu Mashuhuri, ghorofa ya tatu, kati ya choo kibovu na chumba cha mafaili. Aliyeliandika alikuwa mkuu wa kitengo, ila si mkuu hasa. Alikuwa anakaimu. Alianza kukaimu akiwa na nywele, na sasa kipara kilikuwa kimefika utosini, barua ya kumthibitisha bado iko njiani. Ofisini walimwita Kaimu, sokoni walimwita Kaimu, na mkewe akiudhika alimwita hivyo hivyo, kisha akamkumbusha kwamba hata ndoa ina muda wa majaribio.

Kazi ya kitengo ilikuwa njema, tena ya kizalendo. Kiliandika vitabu vya kuwafundisha watoto maisha ya watu wakubwa, ili nao wakue wakubwa. Na kwa kuwa maisha ya watu wakubwa huletwa yakiwa machafu, kitengo kilikuwa na Mwongozo wa kuyafua. Mwongozo ulitaka kila mtu mashuhuri awe alizaliwa maskini, alitembea peku, alipenda vitabu kuliko chakula, na alitenda tendo la kishujaa kabla meno ya utoto hayajamtoka. Mwimbaji mmoja maarufu alikiri kwamba akiwa mdogo alikimbizwa na kuku. Kuku akaandikwa chui, na mbio zikaandikwa upande wa pili. Golikipa wa taifa, aliyefukuzwa shule kwa ugomvi, alikataa katakata kubadilishiwa hata neno. Ikabidi avuliwe umashuhuri, na mpaka leo anadaka mipira bila kibali.

Sasa ilikuwa zamu ya Waziri mwenyewe. Katibu wa wizara alimwita Kaimu ofisini, akamweleza mambo huku anakata kucha.

"Kitabu kikimpendeza Mheshimiwa, siku ya uzinduzi unathibitishwa. Kisipompendeza, tuna kituo cha kupima mvua kule mpakani. Hakina mtu."

"Kwani kule mvua inanyesha, bosi?"

"Ndiyo maana hakina mtu."

Kaimu alitoka pale roho mkononi. Shahidi wa utoto wa Mheshimiwa aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, mama yake mzazi, na kesho yake Kaimu akamfuata nyumbani. Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na nani?"

"Na taifa, mama."

"Basi kaa. Taifa halijawahi kufika hapa."

Kaimu akakaa, akafungua karatasi zake. "Tunaandika kitabu cha watoto kuhusu Mheshimiwa. Je, alipenda vitabu?"

"Mno. Alivichana vyote akatengeneza vishada."

Kaimu akaandika: Alivutiwa na vitabu, na mapema sana akaonyesha kipaji katika mambo ya anga.

"Alitembea peku?"

"Peku gani? Baba yake alikuwa fundi viatu. Alikuwa na viatu kumshinda mwalimu mkuu."

Kaimu akaandika: Alivivua kwa kuwahurumia wenzake.

"Na ukweli, mama? Alikuwa mkweli?"

Yule bibi akacheka mpaka ungo ukamtetema mapajani. "Nani, yule? Yule alikuwa muongo tangu anaota meno. Mko juani, anakwambia mnanyeshewa. Dawa yake nilikuwa nayo mimi. Akidanganya, namsimamisha pale mlangoni. Hakai mpaka aseme ukweli. Siku moja alisimama toka asubuhi mpaka kuku wanaingia bandani. Miguu imevimba, ukweli hautoki." Mkono ukamlala kwenye mchele. "Nilikuwa naingia ndani nalia, baba. Halafu natoka tena namkazia macho. Nilisema huyu nikimwachia, atakuja kuwasumbua watu."

Kaimu alimwonea huruma. Lakini alikumbuka kituo cha mvua, akajionea huruma zaidi mwenyewe. Mwongozo ulikuwa wazi: adhabu yoyote aliyopewa mtu mashuhuri itahesabiwa kuwa alijipa kwa hiari. Kwa hiyo ukurasa wa tisa ukasema hivi: "Tangu utotoni Mheshimiwa aliuchukia uongo. Kila aliposikia mtu mzima anadanganya, alisimama kimya, kwa adabu, wala hakuketi mpaka ukweli usemwe."

Mchoraji alileta taabu kidogo.

"Hapa nimchore na viatu au peku?"

"Peku. Mashuhuri wote ni peku."

"Si umesema baba yake fundi viatu?"

"Basi avishike mkononi."

"Na uso?"

"Mchore kama alivyo sasa, umpunguze tumbo."

Mheshimiwa alilitazama jalada, akatabasamu, akasema kitabu ni kizuri sana. Ndani hakufungua, kwa uzito wa majukumu. Kikachapwa, kikapelekwa shuleni, na walimu wakaambiwa kwamba watoto watapimwa, tena kwa vitendo. Walimu wa nchi ile wakiambiwa kupima, hupima. Asubuhi mwalimu aliingia darasani akasema, "Leo nimekuja nimepanda twiga," na darasa zima likasimama. Akasema, "Nimekuja kwa miguu," likaketi. Ikafika mahali walimu wa zamu walikuwa wanaogopa hata kusema hawajambo.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa shule moja ya mjini. Wageni walikaa kwenye viti vya kukodi. Kaimu alipewa kiti cha mbele, jirani na bibi, amevaa suti aliyoolea. Watoto wa darasa la pili walikaa sakafuni, kwa sababu ndiko walikokaa siku zote. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akakohoa kikubwa, akaanza.

"Kwanza kabisa nafurahi kuona kwamba katika shule hii, kila mtoto anakaa kwenye dawati."

Msichana mmoja mwenye pengo akainuka kutoka sakafuni, akakung'uta sketi, akasimama wima.

"Ahsante, binti, kaa tu," akasema Mheshimiwa. Binti hakukaa. "Madawati hayo niliyaleta mimi mwenyewe." Safu nzima ikainuka. Mheshimiwa akadhani anaheshimiwa, kichwa kikamvimba, akaongeza sauti. "Tena ninayaona hapa yanang'aa."

Darasa la pili lote likawa limesimama, kimya, mikono imenyooka. Nyuma yao wakainuka la tatu na la nne. Mwalimu mkuu akawapungia mkono wakae, na yule wa pengo akamjibu kwa upole, "Bado, mwalimu."

Mheshimiwa akamwinamia Kaimu kutoka jukwaani, meno nje kwa ajili ya wapiga picha. "Hawa wana nini?"

"Ukurasa wa tisa, Mheshimiwa."

"Ukurasa wa tisa una nini?"

"Una wewe."

Kaimu alijieleza kwa maneno machache, na kila neno lilipomtoka aliona kituo cha mvua kinamsogelea. Kabla hajamaliza, bibi naye akainuka kitini.

"Mama, kaa bwana, miguu itakuuma," Mheshimiwa akasema.

"Miguu yangu imezoea kukusubiri. Sema, mwanangu, watoto wakae."

Waziri aliyewahi kuwashinda wapinzani wake wote bungeni akajifuta jasho kwa karatasi ya hotuba.

"Madawati yamechelewa kidogo." Hakukaa mtu. "Hayajaletwa." Wakakaa wawili watatu, wakatazamana, wakasimama tena.

"Yako wapi?" bibi akauliza.

"Yapo."

"Wapi?"

"Kwenye ukumbi wa harusi wa shemeji," akasema Mheshimiwa, akiitazama dari, kwa sauti ambayo bibi hakuwa ameisikia tangu mara ya mwisho alipomsimamisha kijana wake pale mlangoni.

Watoto wote na bibi wakaketi kwa kishindo kimoja. Mgeni mmoja akapiga makofi kwa kujisahau, wengine wakamfuata, na waandishi wa habari wakawa wanaandika mpaka kalamu zinakwaruza. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mheshimiwa akayasikia yale makofi. Hakufika alikofika kwa kulala. Alijua makofi hayaachwi yapoe.

"Mmeona wenyewe," akasema, rangi imemrudia. "Hivi ndivyo nilivyolelewa. Na aliyewaandikia haya yote ni huyu kijana wetu hapa, Kaimu. Kaa, kaa, usiinuke. Ndugu wananchi, huyu bwana ametumikia bila kunung'unika. Barua yake ya kuthibitishwa nimekwisha kuitia sahihi. Iko mezani kwangu."

Kaimu alihisi machozi yanampanda. Akilini alimwona mkewe akiisoma ile barua mara mbili, akamsikia akimwita kwa jina lake halisi, jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulisahau. Akafungua kinywa ashukuru.

Sakafuni kukasikika sketi inakung'utwa. Yule wa pengo alikuwa amesimama. Kisha darasa la pili, la tatu, la nne, walimu wao, mpiga picha mmoja, wageni, na mwisho bibi, ameshika goti. Hakuna aliyemcheka Kaimu. Walikuwa wanamtazama kwa huruma kabisa.

Kaimu akamtazama Mheshimiwa, akingoja aseme neno. Mheshimiwa alikuwa anaitazama dari tena. Ukumbini akawa amebaki yeye peke yake kitini. Akafunga kifungo cha koti, akainuka, akasimama wima pamoja na watoto.