Siku Tatu za Kuwa Stacy

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo nimepata akili! Abdinur, mwenzangu katika timu yetu ya gemu ya vita ya simu, anasema wasichana hupewa zawadi za bure humo: bunduki za dhahabu, mabuti, kila kitu. Mimi Nzai, nahodha mzima, miaka kumi na minane, sijawahi kupewa hata kofia. Basi nimefungua akaunti mpya. Jina: Stacy. Picha: ua waridi. Kesho ni kuvuna tu.

Jumanne, 5 Agosti
Sielewi. Mechi ya kwanza, mtu kaniandikia niende nikapike. Nikapike nini? Saa nne asubuhi! Ya pili, wamenitoa kabla hatujaanza. Ya tatu nimeangusha maadui tisa, nikaambiwa anayecheza ni kaka yangu. Sina kaka! Mmoja kaahidi kofia nikimtumia picha. Nimemtumia ua lile lile. Kanitukana matusi ambayo hata makuli wa stendi ya Garsen hawayajui.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepangwa dhidi ya timu yangu mwenyewe. Abdinur kaniita takataka, kasema wanawake wanaharibu gemu. Abdinur! Juzi tu tumekula samaki sahani moja. Nikasahau hata kufyatua, nikauawa mchezoni. Chakula cha mchana nimekiacha. Mama kauliza kama ni malaria.
Halafu ujumbe, kutoka kwa mtu anayeitwa Dinah: “Pole dada. Usiwajibu. Waripoti, kisha njoo ucheze na sisi.” Wako wasichana wanne, wa hapa na wa kijiji cha Chara. Nimelia kidogo. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Nimeitambua sauti yake: Dinah ni yule binti wa jirani yetu, mzee Komora! Ndiye msichana niliyemkataa kwenye timu mwezi wa tano, nikasema vidole vyake ni vya kusuka. Leo kanitaka niwashe maiki kwanza, maana wanaume hujifanya wasichana. Nimebana pua, nikasalimia vizuri tu. Mama akapaza sauti kutoka jikoni: “We Nzai! Msichana gani huyo chumbani kwako?”
Kisha Dinah akacheka mpaka akakohoa. Nikamweleza yote, hata kilio changu. Halafu hakucheka tena. “Wewe siku tatu tu zimekuliza,” akasema. “Mimi huu mwaka wa nne. Kaongee na vijana wako.”
Nimeahidi. Nikaongee nini hasa, sikuuliza.

Ijumaa, 8 Agosti
Kikao cha timu, nyuma ya duka la Said. Nimesimama niseme. Kabla sijafungua mdomo, Abdinur akatoa mzaha kuhusu yule Stacy na sufuria zake. Wote wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, wasije wakanishuku. Nikaketi.
Njiani nimewaza sana, na dawa nimeipata! Wasichana wote watumie majina ya kiume, na wasiongee kabisa. Tatizo limekwisha, bila kumsumbua mtu. Ajabu hakuna aliyeliona hili kabla yangu. Kesho asubuhi naenda kwa kina Dinah nimfundishe. Atanishukuru.